Fadhili William Mdawida: Manju Aliyetangulia Wimbo Wake

Mdawida ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la mtu. Humtaja mwenyeji wa Dawida, yaani safu kuu ya milima ya Taita inayoinuka ghafla juu ya tambarare kavu za Tsavo, magharibi ya mji wa Voi. Aliyelibeba jina hilo hadi kwenye studio za Nairobi aliimba kwa Kiswahili wimbo ambao watu wengi duniani wanaweza kuuhumu hata kama hawajui neno moja la lugha yenyewe. Wimbo huo ni Malaika. Ajabu ni kwamba katika maelfu wanaouimba, wachache humkumbuka mwimbaji aliyeurekodi kwanza, na walio wachache zaidi hujua kwamba alikuwa mzawa wa Taita.

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Taita Taveta, akafariki jijini Nairobi tarehe 11 Februari 2001. Maisha yake hayawezi kutenganishwa na namna muziki ulivyosafiri katika Afrika Mashariki ya karne ya ishirini: kutoka ngomani hadi kwenye santuri, kutoka kwenye santuri hadi redioni na jukwaani, na hatimaye hadi kwenye mtandao, ambako wimbo hupakuliwa kwa dakika moja na mtu asiyejua umetoka wapi.

Voi haukuwa mji wa pembeni katika zama za utoto wake. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapo mwishoni mwa mwaka 1897, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia tawi jingine lilijengwa kutoka Voi kupitia Mwatate na Taveta hadi kuungana na reli ya Moshi. Hivyo Voi ukawa njia panda: abiria wa Mombasa, wa Nairobi na wa Tanganyika walikutana hapo. Mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate nayo yaliwakusanya vibarua wa makabila mengi, na ilibidi wapate lugha moja ya kazi na ya maongezi. Mtoto wa Kitaita wa miaka ya 1940 alikuwa na Kidawida nyumbani na Kiswahili stesheni, sokoni na shuleni. Si jambo la kushangaza, basi, kwamba msanii aliyetoka huko alikichukua Kiswahili kuwa lugha ya nyimbo zake bila kujihisi mgeni ndani yake.

Masikio ya kizazi hicho yalilelewa na vyanzo viwili. Milimani kulikuwa na ngoma za Wadawida, mojawapo ikiwa mwazindika, ngoma ya mizimu na tiba ambayo mwaka 2024 UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Katika ngoma za namna hiyo wimbo huwa na manju, yaani kiongozi anayeuanzisha na kuupa sura ya siku hiyo, huku umati ukiupokea. Hakuna anayeuliza nani aliutunga. Huulizwa nani anaujua kuuimba. Tofauti hiyo, ambayo huenda ikaonekana ndogo, ndiyo iliyokuja kumwandama Fadhili William maisha yake yote.

Chanzo cha pili kilikuja na reli na meli. Tangu miaka ya 1930 santuri za rumba kutoka Kuba, zilizojulikana kwa herufi za GV, ziliuzwa katika miji ya Afrika na kuwafundisha vijana mapigo mapya. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, askari waliporudi kutoka Burma walirudi pia na gitaa na ladha ya dansi za majukwaani. Miongoni mwa waliopitia kikosi cha burudani cha jeshi la KAR alikuwa Fundi Konde, mzawa wa pwani ya Kenya, ambaye nyimbo zake za miaka ya 1940 na 1950 zilithibitisha kwamba Kiswahili na gitaa vinaweza kukaa chungu kimoja. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, wapigagitaa wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, walifika Nairobi, na vijana wa huko wakaanza kuiga namna yao ya kupiga nyuzi kwa vidole viwili. Kijana mwenye sikio kali hakuhitaji chuo cha muziki. Alihitaji gramafoni ya jirani na subira.

Fadhili William aliingia Nairobi katika majira hayo, akashiriki katika bendi ya Jambo Boys, na ni pamoja na bendi hiyo ndipo, mnamo mwaka 1959 au 1960, alipourekodi wimbo wa Malaika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru, wimbo huo ulirekodiwa upya katika studio ya Equator Sound, iliyoongozwa na Mwingereza Charles Worrod. Ni rekodi hii ya pili iliyosambaa.

Yafaa kusimama kidogo kwenye wimbo wenyewe, kwa kuwa wanafunzi wa Kiswahili huupita haraka kwa sababu wameuzoea. Neno malaika limetoka katika Kiarabu, ambamo ni umbo la wingi. Kiswahili kimelipokea likiwa la umoja na la wingi kwa pamoja, kisha kikalitanua: mtoto mchanga asiye na dhambi ni malaika, na vinyweleo laini vya mwilini pia huitwa malaika. Mpenzi anayeitwa hivyo, kwa hiyo, haitwi tu kiumbe wa mbinguni. Ndani ya neno kuna utoto, usafi na ulaini wa ngozi. Tafsiri za Ulaya hubakia na mbawa peke yake.

Aidha, wimbo umejengwa juu ya hali ya masharti, ile inayobebwa na kiambishi cha -nge-. Mwanamume anapenda, na angeoa, lakini hana mali. Kiambishi kimoja kinabeba hadithi nzima: jambo linalotamanika, linalowezekana kimawazo, na lisilotendeka kwa sababu ya mahari. Hapana hasira dhidi ya wazee wala dhidi ya mila, na hapana ahadi kwamba mambo yatabadilika. Ni ukiri wa mtu aliyeshindwa. Licha ya hayo, ni mara ngapi wimbo huu umepigwa katika arusi, bwana na bibi harusi wakiufurahia, ilhali unasimulia ndoa ambayo haikufungwa? Huenda sauti imewashinda watu nguvu kuliko maneno, na hilo si kosa la mwimbaji. Kwa kweli ni ushahidi wa alichokifanya. Sauti ya Fadhili William katika rekodi ya Equator haisukumi. Ni nyororo, ya kati, na huliacha kila neno lisikike mpaka mwisho wake, kana kwamba anamwambia mtu mmoja aliyeketi karibu. Waimbaji wengi waliomfuata walikuwa na sauti kubwa kuliko yake, na wengi wao waliugeuza ukiri huo kuwa maonyesho.

Katika Equator Sound hakuwa mwimbaji wa wimbo mmoja. Alikuwa kiongozi wa bendi ya studio hiyo, na waliomzunguka hawakuwa watu wadogo: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na wapigagitaa wawili kutoka Zambia, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Bendi hiyo iliipa Nairobi mtindo wa twist ya Kiafrika, uliochanganya rumba, kwela ya Afrika Kusini na mapigo ya magharibi mwa Kenya. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo wimbo ulipaswa kusema neno lake na kuondoka. Dansini mambo yalikuwa tofauti: wimbo uleule ungeweza kurefushwa kadiri wachezaji walivyotaka, gitaa likazungushwa tena na tena, na maneno yakaongezwa papo hapo. Aliyesikia santuri peke yake alisikia muhtasari. Nyimbo nyingine za Fadhili William, kama vile Taxi Driver, ziliimbwa kwa ajili ya miguu zaidi kuliko kwa ajili ya machozi, na zingali zinapigwa katika vipindi vya redio vya zilizopendwa.

Miongoni mwa wenzake, jambo lililompata yeye lilimpata pia Daudi Kabaka, kwa kipimo kidogo. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulichukuliwa na bendi ya Kiingereza ya The Tremeloes mwaka 1968 na ukapanda katika chati za Uingereza. Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa ikiuza nje kahawa, chai na nyimbo, na katika bidhaa hizo tatu ni nyimbo ndizo zilizoondoka bila kupimwa uzito.

Safari ya Malaika ilianza na Miriam Makeba. Mwimbaji huyo wa Afrika Kusini, aliyekuwa amefungiwa mlango wa kurudi kwao, alizuru Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, akauchukua wimbo huo na kuupeleka kwenye majukwaa ya Marekani na Ulaya. Mwaka 1965 ulitoka katika santuri aliyoimba pamoja na Harry Belafonte, santuri ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Grammy. Pete Seeger aliuimba. Hep Stars wa Sweden, ambamo alikuwamo Benny Andersson aliyekuja kujulikana na ABBA, waliutoa mwaka 1967. Boney M. waliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akautia katika santuri yake ya Logozo mwaka 1991. Katika hoteli za pwani ya Kenya na za mbuga za Tsavo bendi za jioni ziliufanya kuwa wimbo wa kumkaribisha mgeni, ukifuatana na Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982. Msikilizaji mwenye Kiswahili hushtuka anaposikia baadhi ya nakala hizo, kwa maana silabi zimehama, viambishi vimepotea, na mahali pengine maneno hayana maana tena. Hata hivyo, muziki haukupotea, na pengine ndiyo sababu wageni hawakuona hasara.

Hapo ndipo swali la mwenye wimbo lilipokuwa zito. Palipokuwa na pesa palihitajika jina la mtunzi, na majina yakawa mengi. Kuna santuri zilizomwandika Fadhili William, kuna zilizomwandika Makeba, na kuna zilizouita wimbo wa kijadi, kana kwamba ulizuka wenyewe mwituni. Afrika Mashariki yenyewe haikuafikiana. Kutoka Tanzania ilitolewa hoja kwamba Malaika ulitungwa na Adam Salim, mwanamuziki aliyezaliwa mwaka 1916, kwa ajili ya mwanamke aliyempenda na kumkosa, na kwamba aliutunga katikati ya miaka ya 1940, wakati Fadhili alipokuwa mtoto mdogo wa Taita. Mombasa ina wanaomtaja Lucas Tututu. Jina la Grant Charo nalo limetajwa. Fadhili William kwa upande wake alishikilia kwamba wimbo ni wake, na ni jina lake ndilo lililoandikwa zaidi katika kumbukumbu za hakimiliki.

Wapo wanaotaka mjadala huu ufungwe kwa kumtangaza mshindi mmoja. Huo ni msimamo wa sheria, na sheria ina haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu haiwezi kumlipa umati. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba wimbo unaweza kuwa na mtu aliyeanza maneno, mwingine aliyenyoosha muziki, na mwingine aliyeupa umbo ambalo halikubadilika tena. Iwapo Malaika ulikuwa ukiimbwa katika miji ya Kenya na Tanganyika kabla ya mwaka 1959, basi kazi ya Fadhili William ilikuwa kazi ya manju: aliupokea, akaupa sauti, na baada yake kila mwimbaji aliufuata au alijitenga naye kwa makusudi. Iwapo aliutunga mwenyewe, kazi hiyo ni kubwa zaidi. Jambo moja halina ubishi: yeye ndiye wa kwanza kuurekodi. Kumnyima hilo kwa sababu ya shaka juu ya hilo jingine ni dhuluma, kama ilivyo dhuluma kumfuta Adam Salim kwa sababu hakuwa na studio.

Umaarufu wa wimbo haukumfanya tajiri aliyeuimba. Katika biashara ya santuri ya zama hizo mwanamuziki wa kawaida alilipwa kwa kazi ya kurekodi au kwa mshahara, na kilichofuata kilikuwa mikononi mwa wenye studio na wachapishaji. Mikataba iliandikwa kwa Kiingereza. Kenya ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1966, lakini chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983, miaka ishirini baada ya rekodi ya Equator na baada ya Malaika kuzunguka mabara. Twist ilikuwa imepitwa na wakati, bendi za Kikongo na za Kitanzania zilikuwa zimeziteka klabu za Nairobi, na kaseti zilizonakiliwa ovyo zilikuwa zimeanza kuua mauzo ya santuri. Kaseti ilikuwa rahisi kubeba na rahisi kuiba. Fadhili William alihamia Marekani akaishi huko miaka mingi, katika nchi ambamo wimbo wake ulikuwa umetunukiwa tuzo ukiimbwa na wengine. Alirejea Kenya katika miaka ya mwisho ya karne, kabla ya mauti kumfika.

Tarehe za kifo chake zina sadfa ambayo haikuonekana wakati ule. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Februari 2001. Siku iliyofuata, tarehe 12 Februari, mahakama ya rufani ya Marekani mjini San Francisco ilitoa uamuzi dhidi ya Napster, programu iliyoanza mwaka 1999 na kuwawezesha mamilioni ya watu kupeana nyimbo kwa mtandao bila kulipa. Kampuni za muziki zilishinda, na Napster ikafungwa mwaka huohuo, ila mazoea hayakufungwa. Kwa kampuni hizo hilo lilikuwa janga jipya. Kwa waimbaji wa Nairobi wa miaka ya 1960, nyimbo kusafiri bila malipo halikuwa jambo geni hata kidogo. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Daudi Kabaka naye alifariki.

Miaka iliyofuata iliwageuza wasikilizaji kuwa wakusanyaji. Voi, kama miji mingine ya Kenya, ulipata vibanda vya kompyuta ambamo kijana aliweza kuwekewa nyimbo kwenye diski, kisha kwenye flashi, kisha kwenye kadi ya simu, kwa shilingi chache. Hapo ladha ya mtu ilidhihirika kuliko ilivyodhihirika dukani: rumba za Kongo kando ya bongo fleva, nyimbo za injili kando ya rege, na katikati yake zilizopendwa za wazazi. YouTube ilianza mwaka 2005, na Spotify ikafika Kenya Februari 2021. Rekodi za Equator ambazo kizazi kizima kilizijua kwa kukwaruza kwake sasa zinasikika tena, nyingine zikiwa zimenakiliwa kutoka kwenye santuri zilezile, mikwaruzo ikiwamo. Hii ni faida ambayo haifai kubezwa. Mwanafunzi wa leo anaweza kuisikiliza sauti ya Fadhili William usiku huohuo anaposoma habari zake, kisha akailinganisha na ya Makeba na ya Kidjo, jambo ambalo mhadhiri wake wa miaka ya 1980 hakuliweza bila kwenda maktaba ya redio.

Upande wa pili, anayetafuta wimbo kwa jina lake mtandaoni huletewa kwanza walio maarufu zaidi. Huenda akapata nakala kumi kabla ya kuipata ya mwaka 1963, na akiipata, jina la mwimbaji limeandikwa mara William, mara Williams, mara bila Mdawida. Makosa ya tahajia ambayo katika insha yangesahihishwa kwa kalamu nyekundu, kwenye mashine za kuhesabu mirabaha yanaweza kumgawa mtu mmoja kuwa watu wawili.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2003, hutenganisha rekodi na utunzi. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa sauti iliyorekodiwa Equator mwaka 1963 ulikwisha nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2013. Maneno na muziki vyenyewe, iwapo ni vya Mdawida, vitalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2051. Iwapo ni vya mtu mwingine, hesabu hiyo huanza upya kutoka kwenye kaburi jingine.